Kumlisha Mtoto kwa Nguvu Si Kumlea

Hoja kwamba mlezi wa kituo cha kulelea watoto amlishe kwa nguvu mtoto anayekataa chakula, ili mzazi asilalamike jioni, inamtuliza mzazi na kumuumiza mtoto.

Kwanza, inapuuza ukuaji. Uzito wa kuzaliwa huongezeka karibu mara tatu katika mwaka wa kwanza. Katika mwaka wa pili mtoto huongeza kilo 2 hadi 3 tu. Kupungua kwa hamu ya kula katika umri huo ni kawaida, wala si ukaidi.

Pili, inahatarisha maisha. Mtoto aliyebanwa pua na kumiminiwa uji huku analia huvuta hewa kwa mdomo, na uji huweza kumpalia. Akinusurika, huanza kuogopa kijiko.

Njia sahihi inajulikana. Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, aligawa kazi: mtu mzima aamue chakula, saa na mahali, mtoto aamue kula au kutokula, na kiasi. Kituoni, mlezi ampakulie ugali na mchicha kidogo, akae naye mkekani wale pamoja. Baada ya nusu saa sahani iondolewe bila karipio, na biskuti zisitolewe kabla ya mlo unaofuata. Chakula kigeni kirudishwe tena na tena. Huenda kikakubaliwa baada ya mara 10 au zaidi.

Anayepungua uzito, mwenye homa au anayetapika apelekwe kliniki. Hata huyo hatibiwi kwa kubanwa pua.