Hodi Kabla ya Picha

Ukija Mombasa kwa matembezi ya siku moja, utaanzia Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga ngome hiyo mwaka 1593. Sasa ni makumbusho, na tangu mwaka 2011 imo katika Urithi wa Dunia. Humo tazama upendavyo. Lakini uingiapo vichochoro vya Mji wa Kale, makumbusho yamekoma: umefika kwa watu.

Wapo wasemao kuwa picha haimwibii mtu kitu. Hoja hiyo ni dhaifu, na nyumba zenyewe zaikanusha. Baraza imejengwa nje ili mgeni apokewe. Ndani ni sitara ya wenyewe. Apenyezaye kamera mlangoni ameuvuka mpaka uliowekwa kwa makusudi. Mama aanikaye kanga si pambo, wala mzee anywaye kahawa si sanamu.

Wengine hujitetea kwamba mtalii huleta fedha. Ni kweli, lakini fedha hununua kahawa na halua, hazinunui heshima ya mtu. Je, wewe ungeridhika ua wa kwenu upigwe picha pasipo salamu?

Basi piga hodi, ungoje karibu. Usipokaribishwa, pita kwa adabu.