Mkono Unaotetemeka Si wa Mlevi

Ijumaa moja asubuhi, nikiandika ubaoni, nilimsikia mwanafunzi akimnong'onezea mwenzake kwamba mwalimu ameamkia chang'aa. Sikumkemea. Waama, mkono wangu ulikuwa ukitetemeka, sauti imefifia, nazo herufi zangu zilizidi kuwa ndogo kadiri mstari ulivyosonga mbele.

Sijaonja pombe maishani mwangu. Nina ugonjwa wa Parkinson, uliopewa jina la daktari wa London, James Parkinson, aliyeueleza mwaka wa 1817. Seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo wa viungo, hufa polepole. Tiba ya kuuondoa haijapatikana, ila zipo dawa za kuutuliza, hasa levodopa. Ulimwengu ulimwona bondia Muhammad Ali akitetemeka alipowasha mwenge wa Olimpiki mjini Atlanta mwaka wa 1996, ukampigia makofi. Mwalimu wa Eastlands hana mwenge. Ana chaki tu.

Sisi wakazi wa Umoja na mitaa jirani twaujua mgao wa maji. Mfereji hutiririka kwa saa chache, nasi hujaza mitungi, kisha tukayatumia maji kwa hesabu. Nguvu zangu ndivyo zilivyo. Nameza kidonge saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla ya kula, maadamu protini ya mayai au maharagwe yaweza kuizuia dawa kufanya kazi ipasavyo. Baadaye mfereji hufunguka: nafunga vifungo vya shati, napanda matatu, nafundisha vipindi vya kwanza bila taabu. Kidonge cha pili kinapokaribia, mfereji hukauka. Miguu hukwama mlangoni kana kwamba imegandamana na sakafu. Hapo huhesabu moja, mbili, tatu, nikainua mguu kama mtu avukaye mtaro. Alasiri huja uchovu ambao hata usingizi hauuondoi. Huo si uvivu.

Wapo watakaosema kwamba shule haiwezi kupangiwa ratiba kwa ajili ya mtu mmoja, na kwamba walimu wengine watabebeshwa mzigo. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, siombi kupunguziwa vipindi. Naomba vipangwe katika saa ambazo mfereji una maji. Mwalimu mwenzangu alikubali kubadilishana nami: yeye akachukua vipindi vyangu vya alasiri, mimi vyake vya asubuhi. Naye sasa husahihisha madaftari asubuhi akili ikiwa bado imetulia, nao wanafunzi wangu wamempata mwalimu mzima. Gharama yake ilikuwa karatasi moja ya ratiba.

Fauka ya hayo, Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 54, yampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na ya kutoitwa kwa namna ya kumdunisha. Haki hiyo haina budi kuanzia katika chumba cha walimu na darasani, kabla ya kufika mahakamani.

Nakiri kwamba nami nilikosea. Nilikuwa nimeuficha ugonjwa kwa hofu ya kuonekana sifai, na penye kimya uvumi hustawi. Jumatatu iliyofuata niliwaeleza wanafunzi wangu yote. Kengele ilipolia, yule aliyenong'ona alibaki nyuma.

"Mwalimu," akasema, "babu yangu kule mashambani hutetemeka hivyo hivyo. Sisi husema amerogwa."

Nilimwambia kwamba si kila mtetemeko ni Parkinson, na kwamba daktari ndiye wa kuamua. Basi awasihi wazazi wake wampeleke mzee hospitalini.

Wahenga walinena kuwa hujafa hujaumbika. Enyi walimu na wanafunzi wenzangu, mkimwona mtu akitetemeka, muulizeni hali kabla ya kumpa jina. Yamkini atawajibu, na jibu lake likamfaa mgonjwa mwingine aliye nyumbani kwenu.