"Hawajawa Tayari": Nani Aliwanyima Matayarisho?

Mpaka leo tunasikia watu wakisema: "Kongo ilipata uhuru upesi mno, watu walikuwa hawajawa tayari." Neno hilo linasemwa kana kwamba kosa lilikuwa la wale walioomba uhuru. Sisi tunauliza: kazi ya kuwatayarisha ilikuwa ya nani?

Ubelgiji ilishika Kongo mwaka 1908. Kwa miaka 52 wakubwa wa koloni walikuwa na uwezo wa kuamua. Shule za msingi zilienea, hasa kwa kazi ya misioni. Jambo hilo hatulikatai. Vijana walifunzwa useremala, ukarani na kuwauguza wagonjwa. Lakini mlango wa masomo makubwa ulibaki umefungwa. Yuniversite ya Lovanium ilifunguliwa mwaka 1954 tu, na ile ya Elisabethville mwaka 1956. Kijana aliyeanza udaktari Lovanium mwaka ule hakuweza kumaliza kabla ya uhuru.

Wengine hujibu: "Akili zao zilikuwa bado changa." Si kweli! Stefano Kaoze alipewa upadri mwaka 1917, baada ya kusoma filosofia na teolojia. Basi, miaka 37 kabla ya Lovanium, seminari ilikwisha kuonyesha ya kuwa Mkongo akifundishwa anajua. Wakubwa waliona, wala hawakugeuza mashauri yao.

Mwaka 1955 Profesa Van Bilsen alitoa shauri: tutayarishe uhuru kwa miaka 30. Wengi walimkasirikia, wakaona anaharakisha mno. Halafu zikaja fujo za Leopoldville, Januari 1959. Hapo waliokataa kutembea wakaanza kukimbia. Januari 1960, katika mkutano wa Bruxelles, siku ikawekwa: 30 Juni mwaka uleule. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tazameni jeshi. Siku ya uhuru askari walikuwa zaidi ya 20,000, na afisa Mkongo hakuwapo hata mmoja. Tarehe 5 Julai Jenerali Janssens aliwaandikia ubaoni kwamba kabla ya uhuru na baada ya uhuru ni sawasawa. Jioni ile askari wa Thysville wakaasi. Siku chache baadaye Victor Lundula, ambaye katika jeshi la zamani hakuwa afisa, akafanywa jenerali. Jambo lililosemwa kwa miaka mingi kuwa haliwezekani lilifanyika kwa juma moja, lakini katikati ya hofu na damu.

Basi, tusikubali kusema kwamba uhuru ulikuja mapema. Matayarisho ndiyo yaliyochelewa, na waliochelewesha ni wale wenye mamlaka. Baba asiyemfundisha mwanawe kulima asimcheke siku ya njaa.

Neno hili linawahusu hata wakubwa wa siku zetu. Anayesema "vijana hawajawa tayari," iwe katika serikali, iwe katika chama au parokia, tumwulize kwa heshima: Mzee, umemfundisha nani kazi yako, na tangu mwaka gani?