Tulivunja Kijumba cha Koko, na Tulikosea

Tuanze na sisi wenyewe kabla hatujamnyooshea mtu mwingine kidole.

Mwaka jana, msimu wa mvua, watoto watatu wa bloki yetu waliugua wiki moja. Maneno yakaanza pale bombani, kwenye foleni ya jerikani: eti ni yule bibi aliyetoka Rutshuru, yule mwenye kijumba cha nyasi nyuma ya nyumba. Sisi wote tunamwita Koko. Kijumba chenyewe kilikuwa kidogo tu, urefu wake magotini. Ndani aliweka kibuyu, mashuke mawili ya mtama, na kikombe cha pombe ya mtama siku akiipata. Jioni moja watu wakaenda kukivunja, na baadhi yetu tulikuwemo. Hakuna aliyempiga, tunashukuru. Alisimama mlangoni akatuangalia, sisi ambao wengine wetu tulikunywa uji kwake tulipofika hapa hatuna hata sufuria. Kesho yake watoto wakapimwa kituo cha afya. Ilikuwa malaria.

Ilituchukua miezi kadhaa kurudi kwa Koko kuomba msamaha. Siku hiyo ndo tukamuuliza swali ambalo tulipaswa kuuliza mapema: Koko, kile kilikuwa nini? Akajibu kifupi: "Ni ya Nyabingi. Mama yangu alikuwa nayo, na mama yake pia."

Wengi wetu jina hilo tulilijua kwenye reggae. Ndiyo, ni lenyewe. Warasta wa Jamaika walilichukua miaka ya 1930, na hadi leo mikusanyiko yao ya ngoma na sala inaitwa Nyabinghi. Lakini mwenye jina ni wa huku kwetu. Ni roho ya mwanamke, mungu wa kike tunaweza kusema, aliyeheshimiwa na watu wa kusini-magharibi mwa Uganda, kaskazini mwa Rwanda na upande wa Rutshuru huko Kongo. Masimulizi hayakubaliani alitoka wapi: wengine husema alikuwa malkia wa Ndorwa, wengine husema asili yake ni Karagwe, ambayo leo iko Tanzania. Watu walimwendea kwa ugonjwa, kwa kutaka mtoto, kwa shida za nyumba. Walimjengea kijumba kidogo uani, kinaitwa indaro, wakamwekea pombe ya mtama na sadaka nyingine.

Sasa tazameni ramani. Hizo nchi zote ndo nchi ambazo sisi tumekimbia kutoka au tumekimbilia. Nyabingi alikuwepo kabla ya mipaka hiyo. Mwaka 1910 Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji walikaa Brussels wakagawana eneo letu, na mwaka uliofuata watu wao walikuwa huku wakipima mpaka. Aliyewapinga ni mwanamke, Muhumusa, ambaye watu waliamini anasema kwa nguvu ya Nyabingi. Wajerumani walikuwa wameshamfunga Bukoba. Alipoachiwa akaendelea, na mwaka 1911 Waingereza wakamkamata, wakampeleka Kampala. Hakuruhusiwa kurudi. Alifia huko huko mwaka 1945, ugenini. Zaidi ya miaka thelathini mbali na kwao! Nani kambini hajui hesabu hiyo?

Mwaka 1912 serikali ya kikoloni ya Uganda ikatunga sheria ya uchawi, na ibada ya Nyabingi ikasakwa kwa jina hilo. Hapo ndipo palipotuuma. Tulipokwenda na mapanga kwa Koko tulidhani tunatetea dini zetu na watoto wetu. Kumbe neno tulilotumia lilikuwa limeshatumiwa na mkoloni zaidi ya miaka mia moja iliyopita, juu ya watu haohao, kwa vijumba vilevile.

Hatusemi kila mtu amwabudu Nyabingi. Sisi katika kikundi hiki tuko Wakatoliki, Wapentekoste, Waislamu na wengine wasiosali popote. Tunachosema ni hiki: mkimbizi ana haki ya kuwa na mahali padogo pa kuweka kilicho kitakatifu kwake, na jirani hana haki ya kukivunja kwa sababu tu hakielewi.

Tena tujiulize bila kuoneana aibu. Nyumba ngapi za bloki yetu zina sanamu ya Mama Maria juu ya katoni, na maua ya plastiki pembeni? Nyingi. Kuna aliyewahi kuzivunja? Mmoja wetu ameweka kitenge cha marehemu mama yake na jiwe alilookota Masisi siku ya kuondoka, na kila asubuhi anaviangalia kabla ya kwenda shule. Hiyo nayo ni altare. Tofauti na ya Koko ni moja tu: yake ilikuwa nje, na yeye ni mwanamke mzee anayeishi peke yake.

Tunajua mtatujibu nini. Wapo wanaosema mambo haya yanaleta matapeli wa kutoza watu pesa. Ni kweli wapo, na hata zamani baadhi ya wahudumu wa Nyabingi, abagirwa, walidai mifugo kwa vitisho. Anayemtisha mgonjwa ili amle pesa ashitakiwe, awe anatumia kibuyu au kipaza sauti cha kanisa. Koko hakumtoza mtu hata shilingi. Wengine wanasema moto. Hilo tunalikubali kabisa: mshumaa ndani ya nyumba ya turubai ni hatari, hata kama ni wa Bikira Maria. Weka maji, weka mtama, weka picha. Mshumaa uache, au uwashe nje ukiwa umekaa nao.

Kwa vijana wenzetu: tuhuma ya uchawi kambini si utani. Ni kama maji, yakimwagika hayazoleki. Baada ya siku ile kuna majirani waliacha kumbebea Koko rasheni yake, na mzee wa miaka yake hawezi kubeba gunia peke yake. Ukisikia maneno bombani, uliza kwanza: mtoto amepimwa? Na kama una bibi au nyanya, kaa naye umuulize alichoacha nyumbani. Uliza sasa, angali anakumbuka.

Kwa dada na kaka zetu wa mashirika: tunajua mnafanya kazi nyingi. Lakini mkija na fomu zenu, sehemu ya dini isiishie kwenye Mkristo, Mwislamu na "nyingine". Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 4, unataka mkimbizi apewe uhuru wa dini usiopungua ule wa raia wa nchi alimo. Haukuchagua dini. Na mzee akija kuripoti kwamba kitu chake kimevunjwa, msimuulize kwanza kilikuwa na thamani ya shilingi ngapi. Koko alijaribu kuripoti. Aliulizwa hivyo, akanyamaza akarudi nyumbani.

Tulimwambia Koko tutakijenga upya. Alicheka kidogo. Siku hizi kibuyu anakiweka ndani, chini ya kitanda, kimefunikwa na beseni. Akasema nyasi za sasa bado hazijakomaa, tungoje mvua zipite, na tuje mchana ili kila mtu aone.

Basi tunangoja mvua zipite. Tutakwenda mchana, walewale tuliokwenda usiku. Anayetaka kuja na panga la kukatia nyasi, aje.