Mhandisi wa fedha aanzie Kabatoro

SAFU YA JUMA
Na Muhindo Baluku

Vijana wetu wa Kasese na Bwera wenye digrii za hesabu, takwimu na uchumi wananiuliza kama shahada ya uzamili ya uhandisi wa fedha inalipa. Inalipa, ila si kwa anayeisomea akiota kiti cha New York tu.

Kazi ya elimu hii ni kuipa hatari bei, kwa hesabu na programu za kompyuta, ili anayeiogopa amlipe mwingine aibebe. Huku kwetu soko lake bado changa. Soko la hisa la Nairobi lilianza kuuza mikataba ya bei za baadaye Julai 2019. La Kampala, lililoanzishwa mwaka 1997, limejikita katika hisa na hatifungani. Benki na kampuni za bima zinawahitaji wataalamu hawa, lakini tangazo la kazi litasema mchambuzi wa hatari au mtakwimu bima. Anayesubiri lisomeke "mhandisi wa fedha" atazeeka akisubiri.

Hatari zenyewe hazina uhaba. Ziwa Katwe, pale mjini Katwe-Kabatoro, halina mto wa kutokea. Jua hukausha maji, chumvi ikabaki kwenye vidimbwi vya wavunaji. Mvua kubwa ikishuka chumvi ikiwa imeanza kuganda, inayeyuka, na jasho la wiki kadhaa linapotea kwa usiku mmoja. Mwenye kidimbwi amekula hasara, na kibarua hana cha kubeba.

Hapo ndipo pa mhandisi wa fedha: abuni bima inayolipa mvua ikivuka kipimo fulani. Tuseme rekodi zinaonyesha mvua ya kuharibu huja msimu mmoja kati ya mitano. Fidia ikiwa shilingi 500,000, ada ya haki ni 100,000, kabla ya gharama na faida ya kampuni. Ugumu uko kwenye kipimo: mvua ikipimwa Kasese mjini, Katwe inaweza kulowa huku kipimo kikisema ni kukavu, na mteja akakosa fidia aliyostahili. Kupunguza pengo hilo kwa picha za setilaiti na vipimo vya ziwani kwenyewe ni tasnifu nzima.

Tangu mwaka 2016 serikali ya Uganda inachangia ada ya bima ya kilimo. Mpango huo uliundwa kwa ajili ya mazao na mifugo; chumvi haikufikiriwa, na hilo ni pengo la kuzibwa. Tena bima inayofuata kipimo cha mvua haiulizi nani mwenye kidimbwi, kwa hiyo hata kibarua anaweza kuinunua. Na pale mpakani Mpondwe, mfanyabiashara anayeshika shilingi, faranga za Kongo na dola kwa siku moja anahitaji kinga ya aina yake.

Kwa hiyo, kijana, usiuze shamba la baba ulipe karo. WorldQuant University inafundisha uzamili huu kwa intaneti bila karo. Ukitaka darasa la karibu, Strathmore ya Nairobi inafundisha hesabu za fedha. Popote utakaposoma, takwimu na uandishi wa programu vishike barabara, maana ndivyo mwajiri atakavyokupima.

Wilaya nayo ifungue rekodi zake za mvua na za mavuno ya chumvi. Bila hizo, hata mhitimu bora hatakuwa na cha kukokotoa, na hakuna kampuni ya bima itakayothubutu kutaja bei.