Tuunganishe Breki Kabla ya Kushika Njia

Ndugu wakulima, matrekta mengi yana pedeli mbili za breki. Moja hushika gurudumu la nyuma la kulia, nyingine la kushoto. Shambani dereva hukanyaga moja ili ageuke mahali padogo. Hapo trekta huenda polepole.

Lakini njia za Kinole ni za milima. Katika mteremko, ukikanyaga pedeli moja tu, trekta huvutwa upande mmoja. Linaweza kupinduka na kuua.

Kwa hiyo, kabla ya kutoka shambani, unganisha pedeli zote mbili kwa komeo lake. Komeo likivunjika, trekta lisiingie njiani. Kwa maoni yangu, tukatae kulikodi mpaka litengenezwe. Kuzuia ajali ni kulinda afya. Trekta lina vipuri, mtu hana.