Jumapili Hii Mpeleke Posta

Mwezi huu naanza na swali: ni lini mara ya mwisho wewe na mwenzi wako mliongea kitu ambacho si ada ya shule, Luku wala foleni? Usinijibu. Mimi mwenyewe nilipojiuliza nilishtuka.

Mimi na mume wangu tuna miaka saba ya ndoa. Wote tunafanya kazi Posta, na ofisi zetu haziachani hata nusu kilomita. Lakini Posta yenyewe tunaiona kupitia dirisha la gari, tumechoka, kila mtu na simu yake. Nyumbani ndiyo hivyo hivyo. Hatugombani, ila hatuongei. Siku moja binti yetu akaniuliza, "Mama, wewe na baba mmenuniana?" Jamani, nilikosa jibu.

Jumapili iliyofuata tukamwacha mtoto kwa shangazi yake, tukapanda mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni. Masharti yangu yalikuwa mawili tu: simu zikae mfukoni, na tutembee kwa miguu.

Tulianzia Kanisa la Azania Front, lenye paa la vigae vyekundu na mnara unaotazama bahari. Mbele kidogo tukafika Mtakatifu Yosefu. Yote mawili yalianza kujengwa enzi za Wajerumani miaka ya 1890 na kukamilika mwaka 1902. Tukasogea hadi Boma la Kale, na hapo ndipo nilipoona aibu. Nimelipita mara ngapi? Lilijengwa miaka ya 1860 kwa ajili ya wageni wa Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, yule aliyeanzisha mji huu jirani na kijiji cha Mzizima. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, na mlango wake wa nakshi ungedhani umeng'olewa Unguja.

Tukapanda Samora mpaka Sanamu ya Askari. Mimi miaka yote nilidhani ni ya uhuru! Kumbe iliwekwa na Waingereza mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Na wapagazi hao ndio waliotuachia jina la Kariakoo: kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, matamshi yetu yakamaliza kazi.

Tulipokata kwenda Kisutu kutafuta cha kutia tumboni, mume wangu akasimama ghafla mbele ya jengo moja refu la vioo.

"Hapa palikuwa na nyumba ya zamani ya ghorofa moja, chini yake mgahawa," akasema. "Mzee akipokea mshahara alikuwa ananileta. Sambusa mbili na chai ya maziwa. Yeye hali, ananiangalia tu."

"Kwa nini alikuwa hali?"

"Nilidhani ameshiba. Nimekuja kuelewa nikiwa mtu mzima. Hela ilikuwa ya mtu mmoja."

Baba mkwe alifariki kabla hatujaoana, sikuwahi kumwona. Kwa miaka saba nilikuwa najua jina lake na kaburi lake lilipo, basi. Nikamuuliza mume wangu mbona hajawahi kuniambia. Akasema, "Ningekuambia saa ngapi, mama Nasra? Jengo lenyewe halipo. Nikipita hapa niko kwenye foleni, nawaza kazi."

Tulipata mgahawa Kisutu, tukaagiza sambusa na chai ya maziwa, na nilihakikisha tunakula wote wawili. Tuliongea mpaka mhudumu akaanza kupanga viti.

Sikatai, mji unahitaji maghorofa. Mimi mwenyewe nafanya kazi kwenye mojawapo. Ila kila jengo la zamani likivunjwa, kuna mtu anapoteza mahali pa kusimama na kusema, "Hapa ndipo." Na asiposema, mke wake hajui, na mtoto wake hatajua kabisa.

Kwa hiyo Jumapili hii, mpeleke mwenzi wako Posta. Tokeni asubuhi kabla jua halijawa kali, na dada zangu, viatu virefu viacheni nyumbani. Mkiwa na muda, ingieni Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, yaliyofunguliwa mwaka 1940. Mkipenda samaki wa kukaanga, Ferry hapo karibu. Mkikutana na muuza kahawa anayegonganisha vikombe vyake, msimamisheni, mnywe kahawa chungu na kashata.

Kisha muulize swali moja tu: "Hapa ulishawahi kuja na nani?" Halafu nyamaza, msikilize.

Tukutane mwezi ujao.